Ngazi za Jumba la Jiji

"Una maiti, una moto, na una mtu aliyekuja hapa kwa miguu yake mwenyewe akasema ni mimi," alisema Mkuu wa kituo. "Unataka nini tena? Akuimbie?"

"Nataka sababu, mkuu."

"Sababu unayo. Jumba linabomolewa, mzee ameumia roho, akaona bora alichome mwenyewe. Andika hivyo, tupeleke faili, tupumzike."

Inspekta hakubisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, miguu ilikuwa imeanza kumuuma tangu asubuhi, na kubishana na Mkuu kabla hajamaliza chai yake kulikuwa ni kujichosha bure. Alichukua faili, akalibana kwapani, akatoka.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Jumba la zamani la jiji lilikuwa limefungwa kwa miaka, tangu ofisi zilipohamia kwenye jengo jipya la vioo. Lilikuwa linasubiri kubomolewa. Juma lililopita, jua lilipokuwa linazama, liliwaka moto. Wazimamoto waliokoa kuta tu. Ndani walimkuta mlinzi amekufa kwa moshi, kijana mwenye mke na mtoto. Kilichomsumbua Inspekta ni mahali alipokutwa. Lango la mbele lilikuwa wazi, na funguo zake zinaning'inia kwenye kufuli. Angeweza kutoka. Badala yake alikutwa kwenye ujia wa ndani kabisa, viatu miguuni, tochi mkononi. Mtu mwenye njia ya kutokea alikuwa ameelekea kwenye moto.

Kesho yake asubuhi, mzee mmoja aliingia kituoni, akavua kofia, akasema yeye ndiye aliyechoma.

Mjane wa mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kaunta, kama alivyokuwa akikaa kila siku. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Kuna habari, afande?"

"Tunaendelea, mama."

"Wanasema mmemkamata."

"Yupo mtu. Nipe muda kidogo."

"Sitaki mengi mimi," alisema mjane. "Nataka tu kujua mume wangu alimkosea nini."

Inspekta alimwambia aende nyumbani akapumzike, akijua haendi.

*

Mtaani walimwita Mzee Tarumbeta. Zamani alikuwa akipuliza tarumbeta katika bendi iliyokuwa ikipiga kila mwisho wa juma kwenye ukumbi wa juu wa jumba la jiji. Bendi ilikufa, tarumbeta likaliwa na kutu, jina likabaki. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano mgongo wima, kofia magotini.

"Tuanze tena, mzee wangu," alisema Inspekta. "Uliingiaje?"

"Kwa mlango wa mbele. Nikapanda ngazi kubwa mpaka ukumbini. Nikamwaga mafuta ya taa sakafuni. Nikawasha kiberiti."

Maneno yalikuwa yale yale ya jana na ya juzi, bila hata nukta kuhama. Mtu akisema ukweli huwa anajikwaa, anarudi nyuma, anasahau hiki anaongeza kile. Huyu alikuwa kama anayesoma tangazo.

"Hebu nieleze hizo ngazi. Mimi sikuwahi kufika juu."

Uso wa mzee ulibadilika. Kwa mara ya kwanza aliegemea mbele.

"Hukuwahi? Basi ulikosa. Mti mweusi mtupu, unajiona sura yako. Mkono wake wa kushikia umepinda pale chini kama shingo ya bata. Na kile kidato cha kwanza kilikuwa kinalia. Ukichelewa mazoezi unakiruka, ili kiongozi wa bendi asikusikie. Siku moja mpiga ngoma aliruka, akatua na ngoma yake tumboni." Alitaka kucheka, akakumbuka alipo.

"Na siku ya moto kililia?"

"Kililia."

"Ulikikanyaga?"

"Nilikikanyaga."

Inspekta aliandika. Aliitazama mikono ya mzee: mikavu, safi, bila jeraha, kucha zimekatwa vizuri. Koti lake lilikuwa lile lile alilokuja nalo, nalo lilinuka sabuni.

"Mafuta ya taa ulinunua wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Mwanangu," alisema mzee, "mimi nimeshakubali. Kesi itakwisha lini? Mkishanifunga hamtazunguka tena mtaani kuwauliza watu, au siyo?"

"Unaogopa tutamuuliza nani?"

"Hakuna. Sitaki usumbufu kwa majirani."

Inspekta alifunga faili taratibu. "Wazimamoto hawakukuta mafuta ya taa, mzee. Hata tone."

Mzee aliizungusha kofia magotini pake.

"Basi ulikuwa mshumaa," alisema.

"Basi?"

"Nimezeeka. Nachanganya."

Inspekta alitoka chumbani, akaegemea kidogo ukuta wa ujia. Ripoti ya wazimamoto ilitaja nta iliyoyeyuka, nyingi, kwenye chumba kimoja cha chini. Ilikuwa mezani kwake tu. Hakuna mtu wa nje aliyeambiwa. Mzee alikuwa anajua kuhusu mshumaa, lakini hakuwa anajua moto ulianzia chini.

*

Nje ya jumba lililoungua watu walikuwa wamejaa kama kawaida ya siku zile. Wengine walikuja kutazama wakaondoka. Wengi walikuja wakabaki, na kila aliyebaki alikuwa na la kusimulia.

"Mimi cheti cha kuzaliwa cha kifungua mimba wangu nilikichukulia pale, dirisha la tatu," alisema mama mmoja aliyewahi kuwa mpiga chapa wa ofisi za jiji. "Nilisimama foleni mpaka mtoto akaanza kutambaa."

"Acha chumvi."

"Kutambaa, nakwambia! Na yule karani wa dirishani alikuwa anamjua kwa jina."

Inspekta alipita katikati yao na Sajini wake, kijana mnene mwenye haraka ya kila kitu isipokuwa kutembea. Ndani kulikuwa na harufu ya maji machafu na mkaa. Paa lilikuwa limeshuka, na mwanga ulianguka moja kwa moja kwenye sebule kubwa ya mapokezi.

"Ngazi zilikuwa hapa," alisema Sajini, akionyesha ukuta mrefu mweusi. "Mbao kavu za miaka yote hiyo, zimeungua zote. Inalingana na maneno ya mzee."

"Misumari iko wapi?"

"Misumari?"

"Ngazi kubwa hivyo haisimami kwa maombi. Ina misumari, ina vyuma. Mbao zinaungua, chuma hakiungui. Nitafutie kimoja."

Sajini alipekua majivu kwa fimbo, akanung'unika, akapekua tena. Alipata kitasa cha mlango na kikombe cha bati. Inspekta, wakati huo, alikuwa amepiga magoti karibu na ukuta, na magoti yalimlaumu. Palikuwa na matundu yaliyopanda kimshazari, pale boriti za ngazi zilipokuwa zimeingia ukutani. Aliingiza kalamu kwenye tundu moja. Haikupita. Aliikwangua, kikatoka kipande cha udongo uliokaukia motoni kama tofali, wenye vyumba vidogo vidogo.

"Nyigu," alisema Sajini.

"Wamejenga kwenye tundu la boriti. Na hili. Na lile pale."

"Sasa?"

"Boriti ingekuwemo, wangejenga wapi? Na nyigu hahamii nyumba inayowaka, Sajini. Hizi ngazi ziliondolewa zamani kabla ya moto. Mzee amepanda ngazi ambazo hazipo."

Sajini aliangalia juu, mahali ambapo mabaki ya ukumbi yalikuwa yananing'inia bila njia ya kuyafikia, akakuna kichwa.

Walitoka nje. Inspekta aliinua sauti. "Nani kati yenu anazikumbuka ngazi kubwa za humu ndani?"

Wote. Mpiga picha mwenye studio upande wa pili wa barabara ndiye aliyefika mbele. Alisema maharusi wa mji mzima walikuwa wakitoka chumba cha ndoa, wanasimama kwenye ngazi zile, yeye anapiga. Picha hizo zilikuwa bado zimebandikwa kwenye kioo cha studio yake. Mama mpiga chapa alisema ngazi zilipakwa rangi nyeupe. Mwingine akasema nyeusi, na zilikuwa upande wa kulia. Mpiga picha akawaambia waache kumwaibisha, kulia kwao ni kushoto. Wakaanza kugombana, wakicheka, kila mtu akizipanda upya kwa mikono hewani.

"Mara ya mwisho kuzikanyaga ilikuwa lini?" aliuliza Inspekta.

Kicheko kilipungua. Walitazamana.

"Tangu walipofunga," alisema mpiga picha hatimaye, "hakuna aliyeingia. Tungeingia kufanya nini?"

"Lakini unasimulia kama jana."

"Ndivyo ninavyolijua, afande. Sina jingine." Akafikiri. "Ila mwaka jana nilisikia misumeno humo ndani. Nikamwona seremala wa barabara ya nyuma na mkokoteni, umefunikwa turubai."

*

Seremala alipowaona tu aliweka randa chini, akaelekea mlango wa nyuma kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka ameacha maji jikoni. Sajini alikuwa ameshazunguka. Alimrudisha kwa ukosi wa shati.

"Mimi sikuchoma!"

"Nani amekuambia umechoma?"

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya kitanda kipya, bado hakijapigwa vanishi upande mmoja. Miguu yake ya kichwani ilikuwa ya mti mweusi, imepinda kama shingo ya bata.

"Kitanda kizuri," alisema.

Seremala alikaa kwenye rundo la mbao, jasho linamtoka. Jiji lilimwita azifungue ngazi mwaka jana, alisema, kwa sababu zilikuwa zimelegea na wanaogopa zisimwangukie mtu. Alitakiwa azihifadhi stoo. Mikono ya ngazi haikufika stoo.

"Ukaona ukilichoma jumba hakuna atakayeuliza ngazi ziko wapi," alisema Sajini, macho yanang'aa. Alikuwa amechoka na mzee, na seremala alionekana mshukiwa mzuri: mwenye hatia, mwenye jasho, mwenye viberiti mezani.

"Jioni ile nilikuwa hospitali! Mke wangu alikuwa anajifungua. Waulizeni manesi. Walinifukuza mara nyingi kwa sababu nilikuwa napiga kelele kuliko yeye."

Sajini alikwenda kuuliza. Alirudi amenyong'onyea. Manesi walimkumbuka vizuri, na hawakutaka kumwona tena.

Inspekta alimwacha seremala na kitanda chake mpaka jiji litakapomhitaji. Alinunua maji dukani, akanywa akiwa amesimama kivulini.

"Kwa hiyo hatuna mtu," alisema Sajini.

"Tuna mtu anayejua kuhusu mshumaa, na hajaingia mle ndani tangu bendi ilipokufa. Maana yake amemwona aliyeushika. Na huyo hataki tumuulize maswali."

"Nani?"

"Twende nyumbani kwake. Tulipaswa kuanzia huko."

*

Mlango wa Mzee Tarumbeta ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje, lakini ndani palisikika cherehani. Inspekta aligonga. Cherehani ilinyamaza. Baada ya muda binti wa mzee alitokea uani, akazunguka na ufunguo, futi ya kushonea shingoni.

"Mnafungiwa kwa nje?"

"Baba alisema tufunge hivi. Mimi napitia uani." Aliwaangalia wote wawili. "Mama haelewi mambo siku hizi. Huwa anatoka akapotea."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kitini chumba cha mbele, katikati ya vitambaa, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa mzuri bado. Lakini nyusi moja haikuwepo, na nywele za upande ule zilikuwa zimejikunja na kugeuka rangi ya kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mumeo?"

Sajini alikohoa. "Ni mwenzangu wa kazini, mama," alisema Inspekta. Akamgeukia binti. "Nyusi imefanya nini?"

"Jiko. Lilimrukia moto."

"Anapika?"

"Hapana, tulimkataza tangu—" Binti alikaa kwenye kiti cha cherehani, akashika kitambaa bila kukishona.

Inspekta alivuta kigoda, akakaa chini ya macho ya yule mama, ili mama asilazimike kuinua kichwa. Hakutoa daftari.

"Mama, umependeza. Unakwenda wapi?"

"Jumba la jiji. Kuna dansi leo. Mume wangu anapiga."

"Huwa unakwenda mara nyingi?"

"Kila siku. Akichelewa namfuata. Tulifunga ndoa pale pale, chini, halafu yeye akapanda juu akaenda kupiga na bendi, mimi nimevaa shela! Nikamwambia, wewe umeoa mimi au tarumbeta?" Alicheka, na binti yake akatabasamu bila kupenda. Alikuwa ameisikia mara nyingi.

"Unapanda juu ukumbini?"

Mama alikunja uso. "Napandaje? Ngazi hakuna."

Sajini aliacha kuegemea ukuta.

"Hakuna?"

"Wameziondoa. Ukuta mtupu, matundu matupu. Nilimuuliza yule kijana, ngazi mmepeleka wapi, watu watapandaje? Akasema, mama, zinatengenezwa. Kila siku zinatengenezwa tu!"

Mji mzima ulikuwa umezipanda ngazi zile asubuhi ile, barabarani, mikono hewani. Mtu pekee aliyejua kwamba hazipo alikuwa ni huyu, asiyejua leo ni siku gani.

"Kijana gani, mama?"

"Wa langoni. Ananifungulia. Ana adabu sana. Ananiwekea kiti kwenye chumba cha ndoa, anasema, kaa hapa mama, mzee atakuja kukuchukua."

"Na mzee huja?"

"Huja. Hukaa nje tu. Haingii, anasema hataki kuliona lilivyo."

Inspekta aliachia pumzi kidogo. Ndiyo maana mzee hakujua kwamba ngazi hazipo.

"Siku ile taa hazikuwaka," alisema Inspekta, kama anayekumbuka naye.

"Giza! Ndoa gani gizani? Nilikuwa na mishumaa yangu kwenye mkoba. Nikaipanga dirishani yote, ikapendeza. Pazia bovu likashika." Aligusa mahali pa nyusi. "Nikatokea mlango wa pembeni. Nikaja zangu nyumbani."

"Kijana alikuona ukitoka?"

"Hakuniona. Alikuwa ananiita." Mama alitazama mkoba wake. "Mama, mama, uko wapi. Mama, mama. Mimi nilishafika barabarani. Ningerudi, ningechelewa kupika."

Binti alifunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa nacho. Hakuwa amejua hilo. Alijua kuhusu moshi kwenye gauni, na kwamba baba alilifua mwenyewe na kumkataza kuuliza.

Mama alimwegemea Inspekta, akashusha sauti. "Hivi, mwanangu, wewe umekuja na mumeo?"

*

Mzee Tarumbeta aliusoma uso wa Inspekta kabla hajakaa.

"Umekwenda nyumbani."

"Nimekwenda."

"Umemwambia?"

"Sikumwambia kitu. Nimemuuliza tu."

Mzee alishusha mabega. Sasa alikuwa mzee kweli, mgongo wote umekwenda. Alisema jioni ile alipitiwa na usingizi mchana na hakuamka kwa wakati wa kwenda kumchukua. Alimkuta njiani anarudi peke yake, ananuka moshi, anamgombeza kwa kuchelewa. Asubuhi akasikia kuhusu mlinzi.

"Yule kijana alikuwa ananisalimia kila siku," alisema. "Ananiambia, yupo ndani, mzee, mwache amalize. Hakumfukuza hata siku moja."

"Alirudi ndani kumtafuta, mzee. Alidhani bado yumo."

"Najua." Alifuta uso kwa kofia. "Ndiyo maana nasema nifungeni mimi. Damu ya mtu lazima ijibiwe na mtu."

"Hakuna mahakama itakayomfunga mkeo. Daktari atampima, na faili litasema aliyosema daktari."

"Siogopi jela." Mzee aligonga meza kwa kidole kimoja, polepole. "Yeye hana jana. Unanielewa? Mtakuja na daktari, na wakili, na karatasi, na kila mmoja atamwambia kuna mtu amekufa kwa ajili yake. Atasikia kwa mara ya kwanza. Atalia. Kesho mtarudi, atasikia tena kwa mara ya kwanza. Mimi mkinifunga, nimefungwa mara moja basi."

Inspekta alivuta karatasi mbele yake.

"Hakuna atakayemwambia," alisema. "Daktari nitazungumza naye mimi. Lakini sitaandika uongo. Yule kijana alikufa akimtafuta mtu, na nitaandika hivyo hivyo. Ukiifanya iwe ni wewe na mafuta yako ya taa, yeye anakuwa mlinzi aliyelala kazini akaungua. Hilo siwezi kumfanyia."

Mzee alitafakari, akatikisa kichwa taratibu, kukubali.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya akiwa amesimama. Alisoma mara mbili. Alisema Inspekta amechukua kesi iliyokwisha akaifanya isiishe kamwe. Kisha akasaini, akamrudishia, akauliza nani atakayemwambia mjane.

"Mimi," alisema Inspekta.

*

Alimwambia pale pale kwenye benchi, bila kuzunguka. Mjane alisikiliza bila kuingilia. Mtoto alikuwa amelala begani mwake.

"Mlango ulikuwa wazi nyuma yake," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Akaingia ndani kumtafuta mtu aliyekwisha kutoka."

"Hakujua kwamba ametoka."

"Na mimi je? Alijua mimi nipo nyumbani? Alijua huyu yupo?" Sauti ilipanda, na polisi wa kaunta akainua kichwa. "Kwa hiyo hakuna wa kufungwa."

"Sidhani, mama."

Mjane alisimama. Alimpa Sajini, aliyekuwa amesimama kando, mtoto kama anayempa kifurushi, na Sajini akampokea kwa mikono miwili, ameduwaa.

"Nipeleke kwake. Nataka anitazame machoni."

Sheria haikumlazimisha Inspekta kumpeleka, wala haikumzuia. Njiani alimweleza aliyosema mzee, kuhusu mtu asiye na jana. "Siwezi kukufunga mdomo," aliongeza. "Una haki ya kusema unalotaka." Mjane alitembea mbele, haraka, na Inspekta alifuata na miguu yake mibovu.

Mzee Tarumbeta, aliyekuwa ameachiwa na kufika kabla yao, alifungua mlango. Alipomwona aliyekuja alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. Binti aliacha cherehani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na gauni la kijani, na mkoba.

Mjane alisimama mbele yake, ngumi zimefumbwa.

"Karibu, mwanangu," alisema mama. "Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mke wa mlinzi. Wa jumba la jiji."

Uso wa mama ulifunguka wote. "Mke wa yule kijana! Kumbe ndiye wewe! Mbona hakuniambia ana mke mzuri hivi?" Alinyoosha mikono, akazishika zile ngumi kabla mwenyewe hajaamua azitoe au asizitoe. "Mumeo ana adabu, mwanangu. Wazazi wake walimlea. Mimi ni mzee, nasumbua, najijua, lakini hajanifokea hata siku moja. Hajambo?"

Mzee alifumba macho mlangoni. Inspekta hakusogea.

Mjane aliitazama ile mikono iliyoshika yake, mikavu, yenye mishipa. Alitazama mahali pasipo na nyusi.

"Hajambo," alisema.

"Mwambie namsalimu sana. Mwambie siku ile sikumuaga, nilikuwa na haraka ya kupika."

"Nitamwambia."

"Usisahau, mwanangu."

Mjane alikaa chini kwenye kigoda, mikono bado imo mikononi mwa yule mama, machozi yanashuka bila sauti.

"Sitasahau, mama," alisema. "Salamu zimefika."